Viganja vya Mgawaji Karata

Alikuja mwisho wa mwezi, mchana, saa ambayo kila mtu mjini hukumbuka kwamba ana suruali ya kupunguzwa. Kibanda cha fundi kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, na foleni ilikuwa imefika hadi kwa muuza nyuzi wa jirani. Fundi mwenyewe, binti mrefu aliyevaa gauni la njano na tepu ya kupimia shingoni, hakuinua hata uso alipopokea kizibao kipya cheusi chenye kingo za rangi ya damu ya mzee.

"Tunapunguza wapi?"

"Hupunguzi kitu, dada. Naomba uzibe mifuko."

Hapo akainua uso. Tangu aanze kukanyaga cherehani, watu walimwomba awaongezee mifuko, hata wale wasio na cha kuweka ndani. Kijana aliyesimama mbele yake alikuwa nadhifu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na uso wake haukuonyesha kama anatania.

"Mifuko imekukosea nini, kaka?"

"Kazini hawaitaki. Hii suruali nayo uizibe."

"Kazi gani hiyo ya kuogopa mifuko?"

"Nagawa karata. Kasino, kwenye ile hoteli ya mtaa wa pili."

"Aa! Basi hawaogopi mifuko, wanaogopa mikono yako!" alidakia muuza nyuzi, mama mnene asiyepitwa na neno. Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana hakucheka wala hakukasirika. Muuza nyuzi akambatiza hapo hapo jina la Sura Mbao, na jina likamkaa.

Lakini Sura Mbao alirudi. Kwanza alileta kizibao cha mwenzake, halafu cha mwenzake mwingine, na wenzake walipokwisha akaanza kuja mikono mitupu, saa ya chakula cha mchana, kabla ya zamu yake. Fundi naye akaanza kujipaka wanja siku za kazi. Muuza nyuzi aliyaona yote hayo na akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Hebu nifundishe huo mchezo wenu," fundi alimwambia siku moja. "Nisije nikaulizwa unafanya nini nikabaki kutoa macho."

Kijana akatandaza karata juu ya meza ya kukatia nguo. Fundi akatoa bati lake la vifungo.

"Vifungo hivi ndizo chipsi zako."

"Chipsi?"

"Si za kula, mpenzi. Ndizo tunazochezea badala ya hela." Neno mpenzi lilimponyoka kwa mara ya kwanza, na sura ikabaki ile ile ya mbao. Moyo wa fundi ndio uliopiga kwata. "Nakupa karata mbili, unazificha. Tano nyingine nazifunua hapa katikati, za wote. Ya mwisho kati ya hizo tunaiita mto."

"Mto? Kwa nini?"

"Kaulize waliozama."

Fundi alicheka mpaka akajichoma pini.

"Sasa sikiliza. Zamu ikifika kwako na hakuna aliyeweka kitu, unaweza kucheki. Yaani unasema nimo, ila kwa sasa siweki. Mwenzio akiweka vifungo vitatu na wewe ukaweka vitatu, umekoli. Ukiweka sita, umereizi, umempandishia. Vyote vinavyorundikana katikati vinaitwa chungu."

"Na nikiona maji yamezidi unga?"

"Unafoldi. Unatupa karata zako kifudifudi, unajitoa. Hakuna atakayejua ulikuwa na nini."

"Na yule anayejifanya anacho kumbe hana?"

"Huyo anapiga blafu. Akisukuma vifungo vyote mpaka cha mwisho, ameingia ol-in. Hapo harudi nyuma, ni kupata au kukosa."

"Na wewe unayegawa unachezaje?"

"Mimi sichezi. Mgawaji hana karata. Nikimwona mtu anatupa karata nzuri kwa woga, nakaa kimya. Nikimwona anajipeleka shimoni, nakaa kimya. Si ruhusa kumwambia mtu neno juu ya karata zake."

"Maskini! Na wewe unaweza?"

"Miaka minane sasa," akajibu, na fundi akaona ni maneno ya kazi tu, akayaacha yapite.

Basi yakaenda hivyo mpaka mjomba wake fundi alipopiga simu kutoka mji mwingine. Alikuwa amefungua kiwanda kidogo cha sare za shule, cherehani sita mpya, na alitaka mtu wa damu yake awe msimamizi. Jibu alilitaka Ijumaa.

"Na huyo kijana wako amesema neno?" mama yake alimwuliza kwenye simu.

"Bado, mama."

"Basi mwambie habari ya mjomba. Mwenye nia atajulikana."

Fundi hakutaka kwenda. Cherehani sita zilikuwa ndoto yake, hilo hakujidanganya, lakini alimtaka Sura Mbao kuliko cherehani sitini. Alichotaka ni mtu wa kumwambia baki. Akasubiri mchana, karata zikiwa mezani na vifungo vimegawanywa, akayatoa maneno huku ameinamia bati.

"Mjomba ananiita nikasimamie kiwanda chake. Nimefikiri nikubali."

Cherehani ya jirani ikakata uzi.

"Hongera," akasema Sura Mbao. "Ni nafasi nzuri."

Akazikusanya karata, akazipanga, akainuka. Kisha akapiga makofi mara moja, akavigeuza viganja juu, akavigeuza chini, akaenda zake. Siku nyingine zote huondoka kinyumenyume akitania mpaka kwenye ngazi. Leo hakugeuka.

"Umeona?" fundi alimwambia muuza nyuzi. "Amenikung'utia mikono! Kama mtu aliyemaliza kula!"

"Nimeona, mwanangu. Mbao ni mbao."

Jioni ile ile akampigia mjomba, akakubali. Simu za Sura Mbao aliziacha ziite. Ya nne akaipokea, maana moyo ni mjinga.

"Fundi wangu, nimekosa nini?"

"Hukukosa. Ulifoldi tu."

Akakata. Alilia hadi wanja ukafika kidevuni, halafu akaanza kufunga vitu vyake.

Kazi ya mwisho aliyobakiwa nayo ilikuwa ya hoteli yenyewe, vizibao vya wafanyakazi wapya. Akavipeleka mwenyewe Alhamisi mchana, akijiambia anafuata malipo tu. Msimamizi wa kasino, mzee mpole, akamwomba asubiri pembeni ya ukumbi. Meza zilikuwa zimeanza kujaa, na zamu inabadilika.

Dada mmoja mgawaji akapokelewa meza. Akainuka, akapiga makofi mara moja, akageuza viganja juu, akageuza chini, akaondoka. Fundi akakaa wima. Meza ya pili, kaka mwingine, vile vile. Ya tatu, vile vile.

"Baba, samahani. Wale wanafanya nini na mikono?"

"Wanajionyesha kwa kamera kwamba hawatoki na kitu. Ni sheria, hakuna anayeacha meza bila hivyo. Ukizoea inakutawala, binti yangu. Mimi hata nyumbani nikimaliza kula nafanya, mke wangu hunicheka."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kumbe! Alimhukumu mtu kwa mazoea ya kazi. Lakini na ile hongera je? Hiyo haikuwa ya kamera.

Sura Mbao alikuwa meza ya mwisho. Alipomwona fundi mikono yake ilisimama katikati ya karata, na mchezaji mmoja akalalamika. Alipopokelewa akapiga makofi yake, akageuza viganja vyake, akamwongoza hadi kwenye ujia wa wafanyakazi, wenye harufu ya sabuni na taulo za moto.

"Mikono nimeielewa," fundi alisema kabla hajasalimiwa. "Hongera sijaielewa."

"Zilikuwa karata zako. Ningesema nini? Nilijua unaitamani kazi ile."

"Nilikuwa napiga blafu, wewe! Nilitaka unizuie!"

"Na mimi nilikuamini. Nilitoka pale sijui hata ngazi nimeshukaje. Mikono ilijifanyia yenyewe. Nilitaka kukwambia... Basi, leo nimeingia ol-in, nime..."

"Usiniletee lugha ya mezani. Sema kama watu."

Akavuta pumzi. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mwisho wa mwezi ule, sura ya mbao ikapasuka. Midomo ikacheza, macho yakajaa maji.

"Nakupenda. Usiende. Nataka nije kwenu na kaka yangu, Jumamosi hii, tuseme kilichotuleta."

Fundi alizifikiria zile cherehani sita, mpya, bado zina mafuta ya kiwandani. Zilimuuma kweli. Mjomba atafoka, na afoke. Akatoa simu, akampigia mama yake, akamkabidhi kijana.

"Mwambie mwenyewe."

"Shikamoo, mama," kijana alisema, jasho linamtoka.

"Marahaba. Ndiye wewe? Nasikia mwanaume mwenyewe huna hata mfuko. Mwanangu utamlisha nini?"

"Mifuko ninayo, mama, imezibwa tu. Na aliyeiziba ni binti yako."

Upande wa pili ukacheka kwa muda mrefu. "Haya. Aliyeshona ndiye atakayefumua. Jumamosi mje mapema, na huyo kaka yako awe mtu wa maneno, maana wewe nimeambiwa huna."

Akamrudishia fundi simu. Maneno yalikuwa yamekwisha, na mikono yake ikaanza kuinuka yenyewe, inakutana mbele ya kizibao.

Fundi aliidaka yote miwili kabla makofi hayajalia.

"Thubutu," alisema, akaishikilia. "Meza hii huiachi."