Sauti Mbili kwa Jina Moja

Kamanda aliita, "Bezabi!" Zikaitika sauti mbili. Moja ilikuwa ya Wudinesh, binti aliyenyoa nywele na kuvaa suruali ya kaka yake. Ya pili ilitoka nyuma ya sikio lake, nzito, ikinuka udongo mbichi.

Hakugeuka. Bezabi mwenyewe, kaka yake, alikufa kwa homa siku ya mwito wa vita. Shamba lao walipewa kwa sharti la uaskari: asipokwenda mwanamume wa nyumba hiyo, mama angefukuzwa. Basi walimzika zizini kimyakimya, bila ibada ya wafu, maana kasisi angejua, na baada yake kijiji kizima.

Asubuhi hiyo walikutana na Wataliano bondeni. Wudinesh aliinua upanga, na mkono haukuwa wake tena. Ulipasua shingo, ukatoboa tumbo, ukamfuata kijana aliyetupa bunduki na kupiga magoti, ukamkata vidole alivyojikingia uso, kisha uso wenyewe, huku yeye akilia moyoni na kaka yake akicheka kooni mwake, na ile harufu ya udongo ikimjaa puani hata asiweze kupumua.

"Wewe bwana, leo umekula nini?" Zewge, mwenzake wa hema, alimtania akimgawia shayiri ya kukaanga. Kisha akanong'ona, "Ulikuwa unacheka, ndugu yangu. Na mdomo umeufumba."

Mkono wa Wudinesh ukaanza kunyemelea koo la Zewge. Akaukamata kwa mkono wa pili, akakimbilia hema la kanisa, kwa kasisi mzee wa jeshi.

"Abba, kuna maiti wetu hakusomewa ibada. Hataki kulala."

"Nani huyo, mwanangu?"

Akimtaja Bezabi, shamba limekwenda. "Dada yangu," alisema. "Wudinesh."

"Kazikwa wapi?"

"Zizini kwetu, Abba."

Mzee akafukiza ubani, akamwombea Wudinesh alale pale alipozikwa, asiinuke tena. Harufu ya udongo ikapungua. Wudinesh akajisikia mwepesi, mwepesi kupita kiasi, na miguu ikawa ya baridi.

Jioni kamanda akaita, "Bezabi!"

Safari hii iliitika sauti moja, nzito.

"Hee, leo ndiyo umebalehe," Zewge akacheka.

Wudinesh alivisikia vicheko hivyo kwa mbali sana, vikififia. Akataka kupiga kelele. Kinywa kikajaa udongo. Juu yake zilikanyaga kwato, na mama alikuwa akiwaita ng'ombe waingie zizini.