Goti la Sunniva

Kituo cha Majorstuen kilikuwa kimefurika Jumamosi ile, kama kawaida ya Oslo theluji mpya inapoanguka. Kila mtu alikuwa amekumbatia mbao zake za skii, za kutelezea thelujini, anagombea kuingia kwenye treni ya kupanda msituni. Sunniva Hauge, mwalimu wa chekechea, aliyevaa sweta nyekundu na nywele kazisuka mikia miwili, aligeuka ghafla. Ncha za mbao zake zikamgonga mwanamume mmoja kichwani, kofia ikaruka.

"Mama yangu! Unataka kuniua hata sijafika juu?"

"Samahani, kaka. Lakini na wewe, urefu wote huo wa nini?"

"Urefu nimezaliwa nao. Hizo mbao wewe umezinunua kwa hiari yako."

Treni ilipoziacha nyumba na kuingia kwenye misonobari, Sunniva alikwishajua kwamba mwanamume huyo anaitwa Jostein, ni fundi wa lifti, na hana mchumba.

Waliteleza pamoja siku ile. Jostein alijiona hodari, lakini Sunniva alimwacha mlimani, akamwacha na bondeni. Kwenye miteremko aliinama akashuka kama jiwe lililotupwa, akicheka peke yake. Chini, Jostein alimkuta anajisugua goti la kulia, uso umekunjamana.

"Umeumia?"

"Aa, limechoka tu. Ni jeraha la zamani. Toa chungwa mkobani umenye, acha udaktari."

Majani yalipochipua walikuwa wanaishi pamoja mtaa wa Grünerløkka, na goti nalo lilihamia nao. Lilivimba Sunniva akipanda ngazi, likamnyima usingizi. Alilifunga bandeji, akalipaka dawa, akalitukana. Msimu uliofuata daktari akamwonyesha picha: gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, limelika.

"Ukiendelea kuteleza, dada, magongo yatakuwa miguu yako ungali kijana."

Sunniva akaapa mbele ya Jostein kwamba msimu ule hagusi mbao. Tangu hapo, kila Jumamosi akawa anakwenda kwa mama yake, mji wa Drammen.

"Mpenzi, umefika?" Jostein aliuliza kwenye simu.

"Nimefika. Mama anakusalimia."

"Mbona unahema hivyo?"

"Napanda ngazi, jamani. Si unalijua goti langu?"

Jumamosi moja mama mwenyewe akampigia Jostein. "Mwanangu, huyo Sunniva wako yu hai kweli? Tangu Krismasi sijamtia machoni."

Sunniva alirudi jioni mashavu mekundu, nywele zinanuka moshi wa kuni. Jostein alikuwa amekaa jikoni, koti bado mwilini.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo unayekwenda kwake."

Sunniva aliangua kicheko, kicheko kikageuka kilio. Akapandisha suruali. Goti lilikuwa limevimba kama boga, ngozi inang'aa.

"Hana jina. Nilikuwa msituni, Jostein. Jumamosi zote."

"Afadhali angekuwa mwanamume. Mwanamume ningepigana naye."

"Nimeteleza tangu sijajua kusema vizuri. Nikiacha, nitakuwa nani?"

"Na mimi niko wapi hapo?"

Sunniva akashusha suruali, akalifunika goti. Jostein akachukua begi akaenda kwa kaka yake.

Jumamosi iliyofuata Sunniva alipanda tena, safari hii kwa hasira zaidi kuliko hamu. Kwenye mteremko wa barafu, katikati ya kona, goti likamkatalia. Alisikia mlio kama wa tawi kavu. Waokoaji walimshusha kwenye sleji ya kuburuzwa thelujini, amefungwa kama mzigo.

"Jostein, usikate simu. Nimeanguka. Wanataka kunipasua."

"Nakuja."

"Si lazima..."

"Sunniva, nyamaza. Nakuja."

Alifika hospitalini na nguo za kazi, mikono ina grisi. Hakumgombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililomliza. Daktari aliwaambia atatembea, kwa mkongojo. Skii ndiyo basi.

Jostein alirudi nyumbani. Alimwosha, akampikia supu ya samaki, akamshika mkono kwenye mazoezi. Theluji ya mwaka uliofuata ilipoanguka, walikaa dirishani wakiwatazama watu wanaopita na mbao begani. Za Jostein zilikuwa stoo tangu ajali.

"Hutamani?" Sunniva aliuliza.

"Aa. Nimezichoka."

"Usinidanganye. Uongo nyumba hii umetosha, na mimi ndiye niliyeuleta."

Jostein alitazama vidole vyake. "Natamani, mpenzi. Natamani mpaka meno yananiuma."

"Basi nenda. Unakaa hapa kunilinda kama maiti, na mimi bado sijafa."

Akaenda. Sunniva alilia, akarusha kikombe ukutani, kisha akahangaika kuokota vipande, mguu umekakamaa, haukunjiki.

Jua lilipozama Jostein alirudi, pua nyekundu, akasita mlangoni kama mwizi.

"Njoo ukae," Sunniva alisema. "Nisimulie. Usiruke kitu."

Akamsimulia jinsi theluji ilivyokuwa laini, na ukungu ulivyolala juu ya ziwa. Alipofika kwenye mteremko mrefu akanyamaza, maana machozi ya Sunniva yalikuwa yanatiririka hadi shingoni.

"Niache?"

Sunniva alimshika mkono, akaubana kwa nguvu.

"Bado hujafika chini," alisema. "Endelea."