Barua Iliyobaki Seva ya Zamani

Duka la kuchapisha lilikuwa limefurika: wanafunzi na tasnifu zao, wazee na picha za pasipoti, na katikati yao msusi mmoja mwenye gauni la kijani, kompyuta mpakato kifuani, akiigombeza kama mtoto mtundu.

"Programu nimeiandika mwenyewe, miezi sita! Kwangu inafanya kazi, wateja ndio hawaioni!"

"Wataionaje, dada, na umeifungia ndani?" ikasema sauti nyuma yake kwenye foleni.

Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi kwa bidii bila ujuzi. Kazi yake ilikuwa kuweka tovuti za watu hewani. "Itafutie nyumba. Kwa kuanzia, seva ya kuchangia, kompyuta moja inayobeba tovuti za wengi, inakutosha."

"Nichangie na nani?"

"Na wapangaji wenzio. Ua mmoja, bomba moja. Jirani akifua mablanketi, kwako maji yanakatika."

Msusi akacheka mpaka watu wawili wakampita kwenye foleni.

Wiki iliyofuata kijana huyo, ambaye Msusi alimwita Fundi, alikuwa amekalia kiti cha wateja saluni. Alimkodia nafasi, akamsajilia jina la tovuti, na wanawake wakaanza kuweka miadi ya kusukwa kwa simu zao. Mwisho akamfungulia barua pepe yenye jina la saluni.

"Barua yangu ya maana nitaituma humu."

"Kwani mdomo umeliwa na nini?"

"Mdomo wangu mwoga, malkia. Vidole ndivyo vidume."

Simu zikawa za kila siku. "Umekula?" "Nimekula." "Umenikumbuka?" "Nimeshasema nimekula, unataka nini tena?" Na kicheko kikapokea maneno yaliyobaki.

Sasa, mtu akipenda hutaka kujionyesha. Tovuti ilipoanza kujikokota kwa mablanketi ya majirani, Msusi aliazimia kuihamishia kampuni nyingine kwa mikono yake, kimyakimya, amshangaze mwalimu wake. Ijumaa asubuhi akahamisha faili, akahamisha orodha ya wateja, akaelekeza jina la tovuti kwenye seva mpya. Kikasha cha barua akakifungua upya hukohuko, kwa anwani ileile. Kilikuwa kitupu, naye hakushtuka. Hata kile cha zamani jana yake hakikuwa na kitu. Hakujua kwamba habari za kuhama huchukua siku moja mbili kusambaa, na muda huo barua nyingine bado hubisha hodi nyumba ya zamani.

Jumatatu Fundi akapita saluni. Msusi alikuwa amevaa lile gauni la kijani, habari zake zikimwasha ulimini.

"Habari za kazi, dada?"

Dada! Malkia wa Alhamisi kashushwa cheo, tena bila barua ya onyo. Habari za kuhama akazimeza.

"Nzuri, kaka," akajibu. Naye hakuzaliwa jana.

Simu zikafupika, kisha zikakoma. Baadaye akasikia kaka huyo kahamia kazi mji mwingine. Hakumuuliza mtu. Alilia bafuni, bomba likiwa wazi.

Miezi saba ikapita. Kampuni ya zamani ikamtumia ujumbe kwenye simu: akaunti yake inafungwa kesho, kama kuna alichosahau akichukue. Mchana huo, mama mmoja kitini, nusu ya kichwa imesukwa, Msusi akaingia kutazama. Kikashani mlikuwa na barua moja, haijasomwa, ya Ijumaa ile.

"Malkia, nataka tuoane. Ukikubali, nijibu hapahapa kabla ya Jumatatu. Ukikataa, usijibu. Sitakuuliza kamwe, nitakuita dada, na wewe usinionee haya."

Akaisoma mara tatu, amesimama. Kisha akapiga simu.

"Dada!" Sauti ya Fundi ilichangamka. "Umejuaje? Nilitaka nikualike mwenyewe. Naoa Jumamosi."

Nyuma yake mwanamke alikuwa akicheka, akimwambia asimame wima, shati lina pini.

"Hongera," alisema Msusi. "Fundi… barua yako nimeiona leo. Nilihamisha tovuti siku ileile uliyoituma. Ilibaki kule."

Kicheko cha nyuma kiliendelea. Fundi akasogea mbali nacho.

"Leo?"

"Leo."

"Na ungeiona siku ile… niambie ukweli. Ungejibu nini?"

Msusi alijishika kwenye mgongo wa kiti. Neno lilikuwa mdomoni, fupi, limeiva.

"Nisingejibu," akasema, na hata akacheka kidogo ili uongo usimame vizuri. "Ningenyamaza vilevile. Nenda kashonewe shati lako."

"Afadhali," Fundi akasema, akashusha pumzi ndefu. "Afadhali, dada. Asante."

Simu ikakatika. Mama wa kitini, ambaye masikio yake hayakuwa yamesukwa, alimtazama kwenye kioo.

"Mwanangu, ulikuwa unampenda."

"Inamisha kichwa, mama," alisema Msusi. "Nisije nikakuvuta."