Mzee Aliningoja Ndivani

"Asheri, Jumamosi ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeinamia simu ya mteja, bisibisi mkononi. Niliponyanyua kichwa nikamwona Rogathe mlangoni mwa kibanda changu, hapa Same mjini, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu la mlimani. Tulikuwa hatujaonana miezi minne. Badala ya kunikumbatia, alianza na swali hilo.

"Nilikuwa hapahapa, kazini. Karibu mpenzi, mbona hukuniambia unakuja?"

"Hapahapa?"

"Ndiyo. Kwani kuna nini?"

Akatoa simu yake, akanisogezea hadi karibu na pua.

"Nisomee. Kwa sauti."

Nikasoma. Jumamosi, saa tatu asubuhi: "Niko njiani malkia wangu, nimeshaanza kupanda mlima." Saa nne na nusu: "Mwambie baba jembe langu lina kiu." Saa saba mchana: "Nakaribia, mpenzi. Barabara tu ndiyo mbaya."

Zote zilitoka kwa jina langu, na sikuwa nimeandika hata moja.

Jirani yangu Clemence, anayeuza kava za simu kibanda cha pili na ambaye mdomo wake haujui likizo, alianza kupanga kava zake upya, kimya kabisa.

"Unajua Jumamosi ilikuwa nini?" Rogathe aliuliza.

"Sijui."

"Ilikuwa msaragambo, Asheri. Wa ndiva ya baba."

Nikakaa chini.

Mpare yeyote angekaa. Ndiva ni lile bwawa la mawe na udongo wazee wetu walilojenga mlimani, maji yanakusanyika humo, kisha yanafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Tope likijaa, msaragambo unaitwa, na kila nyumba inatoa mtu na jembe. Baba yake Rogathe, mzee Eliakunda, amegawa zamu za maji ya ndiva yao kule Mbaga kwa miaka thelathini. Na alikuwa na sharti ambalo Rogathe aliniambia tangu mwanzo: hapokei mshenga wala barua ya posa kabla hajamwona kijana mwenyewe ndani ya ndiva.

"Barua anaweza kuandikiwa," mzee alikuwa akisema. "Tope atalichimba mwenyewe."

Nieleze nilivyofika hapo, na sitajipamba.

Mimi ni mtunzi. Sikufundishwa na mtu. Vina na mizani nilijifunza peke yangu, nikihesabu kwa vidole mpaka wateja wakadhani nahesabu chenji yao. Same nzima hakuna anayenifikia kwa shairi, na nalisema bila haya. Lakini kuongea kunanichosha. Watu watano wakinisemesha kwa siku, jioni najifungia chumbani kama mtu aliyeshusha lori la saruji. Wasichana wengine waliita maringo. Rogathe hakuita hivyo. Shairi la kwanza nililompa lilikuwa hili:

*Kimya changu si dharau, ni nyumba niliyojenga,*
*Ndani kiti angalau, kimoja nimekitenga.*

Alilisoma mara mbili, akanitazama.

"Hicho kiti ni changu?"

"Ukikitaka."

"Nakitaka. Na sitapiga kelele."

Mwaka mzima alikuja kukaa kibandani akishona vitambaa vyake, mimi nikifungua simu za watu, na saa zikapita bila neno. Sijawahi kuwa na raha kama ile.

Machi mzee akaugua ini. Rogathe akapanda Mbaga kumuuguza, na mapenzi yetu yakahamia kwenye simu. Kule juu hakuwa na mtu wa kumwambia lolote, basi aliniambia mimi: dawa alizotapika mzee, mvua, kuku aliyetaga kwenye kapu la vitambaa. Jumbe thelathini, arobaini kwa siku. Nilimpenda. Na kila simu ilipolia nilishtuka kama mtu anayegongewa mlango akiwa anaoga.

Clemence aliniona.

"Kaka, unateseka bure. Kuna programu inaitwa Mjibuji. Unailisha maandishi yako, inajifunza unavyoongea, halafu inajibu wewe ukiwa na mambo yako."

"Huko ni kumdanganya."

"Utamdanganyaje, na maneno ni yako? Hata akipiga inamwandikia kwamba mtandao hafifu. Jumapili inakuletea muhtasari. Wakubwa wote huko mijini wanatumia."

Nikaamua ni kwa wiki moja tu, nipumue. Nikailisha mashairi yangu yote, mia mbili na kumi na manne. Jibu lake la kwanza nililisoma kabla halijaenda. Lilikuwa tamu kuliko langu. Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nikajivuna, nikasema mwanafunzi amefuzu.

Kila Jumapili ikaleta muhtasari: "Wiki hii: jumbe 241. Hali ya uhusiano: nzuri sana." Nikazoea. Na Jumapili ya kabla ya msaragambo ikaniandikia hivi: "Rogathe amekualika kwenye shughuli ya kijamii. Umekubali. Si ya haraka."

Shughuli ya kijamii! Chombo kile hakikujua msaragambo ni nini. Mimi nilijua, lakini nilikuwa nimekiachia kinisomee.

"Baba hawezi kutembea," Rogathe alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, hata hakuonekana na hasira. "Jumamosi alitaka abebwe. Kaka zangu wakambeba kwenye kiti mpaka ndivani, wakamweka juu ya ukuta wa mawe. Saa mbili asubuhi. Kila kijana aliyetokea pale kona ya migombani, baba anauliza, 'Ni yeye?' Ninamwambia bado, lakini yuko njiani, ameandika."

"Rogathe, basi..."

"Sijamaliza. Saa saba mjomba Tumainieli akafika na pikipiki kutoka huku. Nikamuuliza kama amekupita njiani. Akasema, 'Asheri yupi, fundi wa simu? Nimemwacha kibandani kwake, katoka kunitengenezea spika.' Na simu ikalia palepale mkononi mwangu. Baba akasema, 'Soma.' Nikasoma mbele ya watu wote. 'Nakaribia, mpenzi.'"

Nilimkumbuka yule mteja. Mzee mcheshi, alitaka kupiga stori, nami nikamjibu kwa kutikisa kichwa.

"Watu walicheka?"

"Laiti wangecheka. Waliinama wakaendelea kuchimba."

"Si mimi niliyeandika," nikasema.

"Nani?"

"Programu. Inajibu kwa niaba yangu."

Alinitazama kama nimeongea lugha ya mbali. Kisha akavuta kile kigoda chake cha zamani, akakaa.

"Tangu lini?"

"Mwisho wa Machi."

"Leo ni Julai, Asheri." Akafungua mazungumzo yetu, akaanza kupandisha juu kwa kidole. "Nioneshe zako. Hii: 'Ningekuwa shuka ningekufunika.' Yako?"

"Hapana."

"Siku daktari aliposema ini la baba halitapona. Tuliandikiana saa mbili nzima. Ulinituliza mpaka nikaweza kusimama nikampikia uji. Wewe?"

"Hapana."

"Wakati huo ulikuwa unafanya nini?"

Nilitaka kusema natunga. Lakini tangu Machi, pamoja na kimya chote nilichojinunulia, sikuwa nimetunga hata ubeti.

"Nadhani nilikuwa nimelala."

Kidole chake kikaendelea kupanda, kikasimama.

"Hii? 'Nimeunguza makande, nakula hivyohivyo.'"

"Hiyo yangu. Hiyo ni mimi."

Akatabasamu, na machozi yakamdondoka wakati huohuo.

"Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nilimsomea baba, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Huyu kijana mleteni.'"

Hapo ilinipasa nipige magoti. Badala yake kiburi changu kikainuka, na sitakisahau maisha yangu yote.

"Lakini hata hayo mengine ni maneno yangu! Yametoka kwenye mashairi yangu! Nani Same hii anaweza kuandika vile? Nitajie mmoja!"

"Basi yaoe hayo mashairi," alisema. Akasimama, akakung'uta vumbi kwenye gauni. "Ungeniambia tu, 'Rogathe, leo nimechoka, tuongee kesho.' Ningekataa?"

"Hapana."

"Mimi nilikipenda kimya chako. Miezi minne ungekaa kimya ningekielewa, maana nilikuwa nakijua. Wewe umenipa kelele za mtu nisiyemjua, na kwenye kile kiti ulichosema ni changu umeikalisha mashine."

"Nitakuja. Jumamosi hii nitapanda, nimwombe mzee radhi."

"Usiniahidi. Ahadi zako ninazo humu, zimejaa."

Akaenda. Clemence akaacha kava zake.

"Mkimbilie, we bwege!"

Sikumkimbilia. Nilikuwa natafuta kwanza maneno ya kumwambia.

Mchana huohuo niliifuta ile programu. Ikaniuliza: "Una uhakika? Rogathe atakukosa." Nilibonyeza ndiyo kwa nguvu mpaka kioo kikapasuka pembeni.

Nikamwandikia mwenyewe: "Nisamehe. Hii ni mimi." Hakujibu. Angejuaje kwamba ni mimi? Nikampigia, mimi nisiyepiga simu, ikalia mpaka ikakata.

Jumamosi ya kwanza niliamka nikavaa buti. Nikawaza nitakavyosimama mbele ya mzee na nitakavyoanza, na watu watakavyonitazama, nikayavua. Nikajiambia nitunge kwanza shairi la kuomba radhi, lenye beti kumi na mbili, zito, mpaka wazee wenyewe wanyamaze. Jumamosi ya pili lilikuwa na beti saba. Ya tatu lilikuwa na beti kumi na moja, na nilikuwa natafuta kina cha mwisho Clemence aliposimama mlangoni bila utani wowote usoni.

"Kaka, mzee wa Mbaga amefariki. Wanazika kesho."

Nililichana lile shairi. Nikaazima jembe kwa mama mwenye nyumba wangu, na alfajiri nikapanda gari la kwanza.

Pale msibani sikwenda kwanza walipokaa wazee. Nilikwenda nyuma ya nyumba, chini ya migomba, vijana walikokuwa wanachimba kaburi. Aliyewasimamia alikuwa mjomba Tumainieli. Alinitambua kabla sijafika.

"Fundi wa spika."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kusema, au umekuja kuchimba?"

"Kuchimba."

"Shuka basi."

Nikashuka. Udongo wa kule ni mwekundu na mgumu, una mawe. Vijana walipokezana mara mbili, mara tatu, mimi nikakataa kutoka. Viganja vyangu, vilivyozoea bisibisi, vilitoa malengelenge, yakapasuka, mpini ukawa na damu. Hakuna aliyenisemesha, na kwa mara ya kwanza nilitamani mtu anisemeshe.

Nilipopanda juu kunywa maji, Tumainieli akanipa kikombe mwenyewe.

"Nikwambie kitu, kijana?"

"Niambie, mjomba."

"Mwisho mwisho mzee alikuwa anasahau mambo. Ile Jumamosi ilitoka yote kichwani mwake, ikabaki tu kwamba kuna kijana anapanda. Kila asubuhi anauliza, 'Yule wa makande, bado hajafika?'"

"Mkamwambia nini?"

"Tungemwambia nini? Tulimwambia yuko njiani, barabara tu ndiyo mbaya."

Nikarudi shimoni. Huko chini mtu anaweza kulia na ikaonekana ni jasho.

Tukazika. Mchungaji akaomba, kwaya ikaimba, mashada yakawekwa. Baadaye wachimbaji tukaketishwa kwenye mabenchi, na wasichana wakapita na sahani. Nilimwona Rogathe akitokea jikoni, khanga kichwani, macho yamevimba. Aliwapakulia wenzangu mmoja mmoja, akija upande wangu. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, na safari hii yote yalikuwa yangu.

Akafika. Akanikabidhi sahani ya makande ya moto. Akaviona viganja vyangu, akavitazama kwa muda, akachukua kitambaa kilichokuwa begani mwake, kimoja cha vile alivyokuwa akishonea kibandani kwangu, akakiweka juu ya goti langu.

"Funga huo mkono," alisema. Kisha akasema kwa upole, kama anavyosema na mgeni yeyote aliyekuja kusaidia msibani: "Karibu chakula, kaka."

Kaka.

Mimi, mwenye mashairi mia mbili na kumi na manne, niliishika ile sahani kwa mikono miwili.

"Asante, dada," nikasema.

Akamgeukia aliyefuata.