Mzinga Si Behewa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Damari wa darasa la nne alipitia porini nyuma ya kwao, Itigi, akasimama chini ya mzinga wake na kusikiliza mvumo wa nyuki. Mzinga huo alipewa na babu yake, mzee Alute, na asali yake ndiyo iliyomlipia ada. Enzi hizo za Mwingereza, asiye na ada alirudi nyumbani, basi.

Mzee Alute aliongoza chama cha warina asali miaka mingi. Alizeekea kwenye mizinga, na hesabu yake ilikuwa ya misimu. Mwaka ule wanachama walimchoka, wakamchagua Bwana Bonaventura, mstaafu wa stesheni, mtu wa saa mfukoni. Huyo alisema treni haimngoji mtu. Nta ijae behewa kabla ya Jumamosi. Akaagiza masega yote yakatwe, hata yenye watoto wa nyuki, ambayo wazee huyaacha ili nyuki wasihame.

Babu alimkataza Damari. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Damari alitaka sifa, akakata yote. Behewa likajaa, Bonaventura akabebwa juu juu.

Siku chache baadaye mzinga ulikuwa kimya. Damari aliugonga, kimya. Akapanda, akachungulia. Loo! Hamna nyuki hata mmoja, ila siafu tu. Akakimbilia kwa jirani yao, mama Febronia. Mizinga kumi, yote mitupu. Kijiji kizima kilishika tama.

Jioni Bonaventura alifika kwa mzee Alute, uso umemshuka.

"Shikamoo, mzee. Mimi nilizoea behewa. Ukilipakua lote leo, kesho linapakiwa tena. Sikujua kwamba mzinga si behewa."

"Hata mimi nilikata, babu," Damari akasema, machozi yakimtoka.

Wakakubaliana Alute aamue kitakachokatwa, Bonaventura ashughulikie usafirishaji. Walipaka nta mizingani kuwavuta nyuki, wakangoja masika nzima. Damari akakaa nyumbani muhula mzima akiwatazama wenzake wakienda shule. Hatimaye nyuki wakarudi.

"Mwepesi wa kupakia tunamhitaji," mzee Alute alimwambia Damari chini ya mzinga. "Ila kiongozi anayeiona Jumamosi tu, mwakani watu wake watalala njaa. Nawe mjukuu wangu, ukikatazwa, uliza sababu kabla hujashika kisu."

Damari aliitikia kwa kichwa. Sikio lake lilikuwa mzingani.