Kwa Miguu Yake

—Mayu, nimesema nakwenda.

—Uwanja wa ngoma? Wewe, mwanakwaya? Evelina, ukikanyaga kule Kisesa, Jumapili usinikalie karibu! mama yake akafoka.

Evelina alikuwa keshafunika cherehani yake. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Luhaga, wa kwanza tangu Evelina amrudishie pete ya uchumba: "Leo nashindana na Ngosha. Njoo. Sikuombi unirudie, nakuomba uone."

Luhaga bwana! Alijaza viwanja kwa sauti yake na, watu walisema naye hakukana, kwa dawa aliyojifunga kiunoni. Usukumani ngoma haina majaji. Vikundi viwili vinacheza kwa pamoja, anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Sasa nani aache dawa?

Evelina alikuwa amembana: "Okoka, tufunge ndoa." Akajibiwa:

—Nikiokoka kwa ajili ya mwanamke, nitamdanganya Mungu na huyo mwanamke. Siku akiniita mwenyewe, nitakwenda kwa miguu yangu.

Pete ikarudi siku hiyo hiyo. Kiburi kwa kiburi!

Alipofika Kisesa, upande wa Luhaga watu walikuwa wamejaa hadi kwenye kamba. Luhaga akashika kipaza sauti, akafungua mkanda wa ngozi kiunoni.

—Mkanda huu wa dawa mnaujua. Babu alimpa baba, baba akanipa. Juzi naufunga, nikasikia moyoni, "Luhaga, mpaka lini?" Nikajifanya kiziwi. Ikarudi. Jamani, Mungu ameniita, nami nimeitika. Leo nacheza bila dawa!

Akautupa mkanda kwenye moto wa kukazia ngozi za ngoma.

—Kwisha habari yake! mtu akapiga kelele. Twendeni kwa Ngosha!

Uwanja ukahama, mbio, vumbi juu. Luhaga akaanza wimbo mbele ya nyasi tupu.

Evelina alishika kamba. Kando yake alisimama Mzee Mayala wa kanisani kwao, aliyekuja kuwachunga waumini, uso umekunjamana.

—Shikamoo, mzee.

—Marahaba. Binti, ukivuka hapo, kwaya basi.

—Yule amemkiri Yesu mbele ya Kisesa nzima, mzee. Mimi nione haya kusimama naye?

Akavuka. Akasimama peke yake mbele ya ngoma, akaupokea wimbo kwa sauti yake yote. Alijaa fahari mpaka machozi yakamtoka. Mara akasikia mtu anahema nyuma yake.

—Mayu?

—Nimekuja kukuburuta nyumbani.

—Haya, niburute.

—Ngoja kwanza. Sogea, nami nione.

Ngosha alichukua ng'ombe wa ushindi. Luhaga akaja, jasho linamtiririka.

—Nimeshindwa, Evelina.

—Umeshindwa, na sijawahi kujivunia mtu hivi! Nilidhani unangoja tu nikubembeleze. Nisamehe.

—Yameisha. Jumapili nataka kwenda mbele kanisani. Utanishika mkono?

—Thubutu! Si ulisema kwa miguu yako?

Jumapili hiyo kwaya iliimba bila Evelina. Walikuwa wamemsimamisha kweli, akakaa kwenye viti vya nyuma, na mama yake kambana ubavuni. Mchungaji hajamaliza kuuliza nani anaitika, Luhaga yuko katikati ya kanisa, kichwa juu, hatazami kushoto wala kulia. Mzee Mayala akawa wa kwanza kusimama kumpokea.

—Mkwe wangu yule! mama akasema, na kanisa zima likasikia.

—Mayu! Hata pete hajanirudishia.

—Atairudisha. Inamisha kichwa, unanikinga nisione.

Aliirudisha jioni ile ile. Ndoa ilifungwa baada ya mavuno, na sherehe ikafanyika uwanja ule ule wa Kisesa. Ngosha alikuja na kikundi chake chote kupiga ngoma. Kwa wingi wa watu wa Luhaga, alikosa pa kusimama.