Tangazo la Ghorofa ya Kumi na Moja

"Mgonjwa ametoka hospitali?" Harun aliuliza kwenye simu, kutoka Nairobi.

"Bado," Kawira akajibu. "Daktari ameenda kula."

"Mtoe leo. Kabla ya saa kumi."

Simu ikakatika.

Kawira aliirudisha Samsung ndogo ndani ya soksi, akasimama wima nyuma ya meza ya mapokezi. Ijumaa mchana. Nje, jua la The Pearl, mtaa wa matajiri mjini Doha, lilikuwa limewafukuza watu wote barabarani.

Kwa mafumbo yao, agizo lilikuwa wazi: mkubwa wa ofisi akiwa bado chakulani, aingie ghorofa ya kumi na moja na kulizuia tangazo la uongo lisirushwe.

Kwa wapangaji wa jengo lile alikuwa mlinzi tu. Suruali nyeusi, redio ya Motorola kiunoni, salamu kwa kila apitaye. Hakuna aliyejua kwamba ni afisa wa ujasusi wa Kenya, na Harun ndiye mkuu wake. Hata mamake hakujua. Wenzake wa chumbani kule Umm Salal walidhani anaringa, kwa sababu hakusimulia habari za kwao. Walikula pamoja sakafuni. Yeye alikula kitandani, akiwapa mgongo.

Mtu mmoja tu mjini Doha alimwita Kawi.

Dedan.

Na Dedan alifanya kazi ghorofa ya kumi na moja.

Kundi lililokodi ofisi ile lilijiita Wazalendo wa Kesho. Halikuwa chama, wala halikuwa na mgombea. Kazi yake ilikuwa kuwachafua wapinzani wa mtu fulani, ili mtu huyo ainue mikono na kusema hayo si yangu. Mkubwa wake, Douglas, mgeni aliyejifunza Kiswahili akiwa Nairobi, aliuza hofu kama wengine wanavyouza sabuni.

Leo alikuwa anauza hofu kubwa. Saa kumi, simu za mamilioni ya Wakenya zingepokea sauti ya Jerusha Naliaka, mgombea urais, akiapa kuwafukuza wahamiaji wote wa Bonde la Ufa akishinda. Hakuwahi kusema hivyo. Lakini kampeni zingefungwa jioni hiyo. Angejibu lini? Tayari uvumi ulikuwa umetangulia, na familia za bondeni zilikuwa zikipakia magodoro kwenye pikapu.

Wengine walikuwa wakinoa mapanga.

Kawira alipanda lifti.

Kadi ya bandia iligusa mlango. Taa ikawa kijani.

Dedan alikuwa peke yake mbele ya kompyuta, vipokea sauti vikining'inia shingoni.

"Kawi? Umefikaje huku? Mdosi wangu akikupata utafutwa kazi."

"Sikiliza, Dedan. Mimi si mlinzi."

Alimweleza kwa sentensi chache. Dedan alimsikiliza bila kupepesa macho. Sauti ya tangazo ilikuwa ya Dedan mwenyewe: aliyasoma yale maneno kwenye maikrofoni, kisha programu ikaigeuza kuwa sauti ya Jerusha.

"Kwa hivyo hata ile chai tulikuwa tunakunywa kule nyuma," alisema polepole, "ilikuwa kazi."

"Kukujua ilikuwa kazi," Kawira akasema. "Chai ilikuwa chai."

Dedan alitazama skrini. "Waliniambia ni siasa tu. Kila mtu anatukana mwenzake."

"Watu wanahama, Dedan. Nitolee hiyo faili niifute."

"Ukifuta, watatengeneza ingine usiku huu. Mimi nisipokuwepo, kuna mwingine." Alivuta kibodi. "Lakini kuna video ya siku tuliporekodi. Kamera ya studio huwa haizimwi. Douglas anaonekana ndani yake, ananielekeza."

"Uso wako pia uko ndani?"

"Uko."

"Hutaweza kukaa hapa tena. Na nyumbani utaishi kwa jina lingine."

"Najua."

Vidole vyake vilianza kukimbia.

Mlango ukafunguka.

Cyrus, mlinzi binafsi wa Douglas, aliingia kwanza. Glock mkononi. Douglas alimfuata, leso ya mgahawa ikiwa bado kwenye kola.

"Simama mbali na mashine," Douglas alisema.

Kawira alijua Cyrus atamtazama usoni. Wote hutazama usoni. Motorola ilitoka kiunoni na kumpiga kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka. Goti likaingia tumboni. Cyrus alikwenda chini kama gunia, na pingu za plastiki zikafungwa kabla hajavuta pumzi.

Kawira aliisukuma Glock chini ya kabati kwa kiatu, bila kuigusa kwa mkono.

"Umechelewa," Douglas alisema. "Tangazo linajituma lenyewe."

"Limeshajituma," Dedan akasema.

Kwenye skrini, video ilikuwa imeenda badala ya tangazo: Douglas mwenyewe alionekana akimwinamia Dedan. *Rudia. Weka hasira. Nataka wakisikia Jerusha anasema hivi, waogope kulala majumbani mwao.*

Nchi nzima ilikuwa ikimtazama.

Kawira alibonyeza redio. Sauti yake ilirudi kuwa ya mlinzi.

"Kituo, hapa mapokezi. Mtu mwenye bastola ghorofa ya kumi na moja. Nimemdhibiti. Iteni polisi."

"Umesema bastola?"

"Ndiyo. Na mwajiri wake yupo."

Douglas alikaa chini. Katika mji ule, bastola ndani ya ofisi ingemchukua muda mrefu kuieleza.

Dedan aliondoka kwa ngazi za huduma, pasipoti mfukoni. Jioni hiyo, kwenye uwanja wa ndege wa Hamad, alipita karibu na Kawira akivuta begi dogo. Hakugeuka. Ndivyo Kawira alivyokuwa amemwagiza: usinitazame, usinisalimie, usinitafute kamwe. Dedan alifuata kila neno.

Kawira alimtazama hadi kofia yake ikapotelea kwenye foleni ya ukaguzi. Alikuwa na sentensi moja ya kumwambia. Aliimeza.

Simu ikatetemeka.

"Bondeni watu wanashusha mizigo," Harun alisema. "Kazi safi. Mzigo wetu?"

"Unapanda ndege."

"Wewe utahamia kituo kingine kesho. Hapo ulipo uko na nani?"

Kawira alitazama ukumbi mzima. Familia zilikumbatiana. Mtoto alilia kwa Kihindi au Kinepali.

"Niko peke yangu."

"Vizuri," Harun akasema, kwa kuwa hilo ndilo jibu la usalama.

Kawira alivaa miwani myeusi na kuelekea kituo cha treni ya metro, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.